Winga Anayesimama Akiona Kamera

Jumapili, saa mbili asubuhi, Manundu, mjini Korogwe. Mawingu yamekaa juu ya milima ya Usambara tangu alfajiri, mvua haishuki wala haiondoki. Kichwa kinaniuma kwa jua la jana. Nimeoga mara mbili na vumbi la Kwedizinga bado linatoka masikioni.

Simu iko mezani. Mhariri wa michezo wa gazeti moja ameniuliza swali na nina mpaka saa sita mchana kulijibu, kwa sababu ndiyo saa anayofunga ukurasa wake. Jibu likimfurahisha, msimu mzima nitakuwa mpiga picha wao wa Korogwe na Handeni. Lisipomfurahisha, kesho saa tatu nafungua studio kama kawaida na kumwambia mteja wa kwanza anyooshe shingo kwa ajili ya picha ya pasipoti.

Acha kwanza niandike hapa kwenye blogu yangu. Nikiandika hasira hupungua, na jana nilikuwa na hasira za kuwatosha watu watano.

Huyo mhariri sijawahi kumwona. Namjua kwa simu, ana sauti ya mtu anayeongea huku anakula. Mwezi uliopita nilimtumia picha kumi za ligi ya kata. Akanipigia akaniambia, "Dada, hizi ni picha za harusi, ila bibi harusi kavaa jezi." Nilimchukia siku tatu. Siku ya nne nikazifungua tena nikaona kasema kweli. Kila mtu kwenye picha zangu amesimama. Mfungaji amesimama, kipa aliyefungwa amesimama, hata mshika kibendera kasimama kama anasubiri shahada. Nilikuwa nawangoja watulie ndipo nibonyeze, na mpira wenyewe unachezwa katikati ya hizo nafasi nilizokuwa naziruka.

Studio ndiyo iliyonifundisha uvivu huo. Nimekulia ndani yake.

Safari hii mhariri akasema anamtaka winga wa timu ya wasichana ya Kwedizinga, ambaye watu wa Handeni hawaachi kumtaja. "Macho na mpira," aliniambia. "Nione macho yake vizuri, nione na mpira. Hayo mawili tu. Mengine baki nayo mwenyewe."

Basi jana asubuhi nikapanda gari la wasichana wa Manundu, waliokuwa wanakwenda kucheza nao fainali ya kugombea mbuzi. Nilikuwa na kamera moja, lenzi ndefu niliyoinunua mkononi kwa mtu, betri mbili na dharau yangu ya kila siku.

Dharau ilianza kazi mapema.

Alianza mgeni rasmi. Alichelewa saa nzima, akashuka na miwani ya jua, akaivua alipoombwa apige mpira kuashiria kwamba fainali imeanza. Akaupiga, ukaenda pembeni. Akarudia. Mara ya tatu kiatu kikatangulia mpira. Wapiga picha wenzangu wakamwambia, "Mheshimiwa, tena kidogo," naye akarudia tena kidogo, huku wasichana ishirini na wawili wamesimama juani wakimtazama mtu mzima akijifunza kupiga mpira. Sikumpiga hata picha moja. Nilijiona mtu wa maana sana kwa hilo.

Kisha Rama wa Mombo. Rama ana lenzi nyeupe yenye urefu wa mkono wangu na fulana yenye mifuko kumi na moja, yote mitupu. Anabonyeza kamera na kuiacha ijiendee yenyewe, trrrrr, kama cherehani. Siku moja nilimwuliza anaweka spidi gani ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, akipiga picha za mpira. Akanijibu, "Sista, mashine inajua yenyewe." Mashine haijui. Anarudi nyumbani na picha elfu mbili za migongo na vumbi, na katika hizo elfu mbili utautafuta mpira mpaka macho yaume. Picha ya mpira isiyo na mpira ni picha ya watu waliokurupushwa na nyuki. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akacheka, maana Rama hajui akidharauliwa.

Wenye simu siwataji. Mtu anaingia uwanjani mchezo ukiendelea, anageuka, anajipiga picha ya uso wake, na nyuma yake kuna kona inapigwa.

Na sasa nijitaje mimi.

Haya mambo ya kumpata mtu anayekimbia akiwa safi hayana uchawi. Shata iwe moja ya elfu ya sekunde au kasi zaidi. Jua likae mgongoni kwako. Piga goti, maana ukisimama unapata utosi wa watu. Mfuate mchezaji kabla hajapata mpira, usimtafute akishaupata. Bonyeza kabla jambo halijatokea, kwa sababu ukishaliona kwenye kioo ujue limeshakupita. Nayajua yote. Ningeweza kumfundisha Rama kama angekuwa anafundishika.

Dakika ishirini za kwanza nilipata takataka.

Nina picha safi kabisa ya mama mwenye sinia la karanga, unaweza kuzihesabu karanga moja moja. Mbele yake kuna ukungu mwekundu wenye miguu. Huo ukungu ndiye winga. Nina bango la mgeni rasmi, herufi zimetoka hadi nukta. Nina nguzo ya goli na nyavu za kamba ya katani, kila fundo linaonekana, na kipa kayeyuka. Kamera yangu inapenda vitu vilivyosimama. Tumelelewa nyumba moja.

Winga nitamwita Kidawa. Jina si lake na msiulize lake. Ana miaka kama kumi na saba, mwembamba, jezi namba saba imemzidi hadi anaikunja kiunoni. Akiwa hana mpira anatembea kama ametumwa dukani na hataki kwenda. Akiupata, mabeki wa Manundu wanaanza kutazamana. Nilimwona mara ya kwanza dakika ya tano, akampita mtu upande huu na kuuchukua mpira upande ule, na mzee mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Huyo hashikiki." Kweli alikuwa hashikiki, hata na lenzi.

Nikahamia karibu na kibendera cha kona, upande anaoshambulia, ili aje mwenyewe usoni kwangu.

Na alikuja. Dakika ya thelathini na kitu, sufuri kwa sufuri. Alimpiga beki chenga ya mwili, beki akabaki anatazama alikotoka, na mbele ya Kidawa ikawa njia nyeupe mpaka golini. Nikainua kamera. Nilimpata katikati ya kioo, macho safi, mpira mguuni. Nikajiambia, leo ndiyo leo.

Akaiona lenzi.

Akasimama. Sijui niandike vipi ili mniamini. Alikata kasi, akaweka miguu pamoja, akashusha mikono ubavuni, akainua kidevu na kunitazama bila kupepesa. Katikati ya fainali. Mpira ukaendelea peke yake, polepole, ukavuka mstari wa majivu na kutoka nje. Kidole changu kilibonyeza chenyewe.

Uwanja mzima ulicheka. Mwalimu wa timu yake alijipiga kofi la paji la uso. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Niliangalia picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera nikacheka zaidi, kwa sababu ilikuwa safi kuliko picha zote za mpira nilizowahi kupiga. Macho yako wazi, kope zinahesabika. Mpira unaonekana hatua mbili kushoto kwake, unakwenda zake. Nyuma beki wa Manundu kafungua mdomo. Kichwani nilishaandika na maneno ya chini ya picha. Nilifikiri: hawa ndio wanaotaka kwenda kucheza Dar es Salaam, hawa, wanaona kamera wanauza sura.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri. Nilifurahi kumdharau. Ilinipumzisha baada ya kujidharau mwenyewe dakika thelathini.

Mapumziko nilimfuata. Timu yake ilikuwa imekaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa shule, wanakunywa maji kwenye kikombe kimoja cha plastiki. Kidawa alikaa mbali kidogo na wenzake. Alipoona nakuja alisimama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe, unasimamaje katikati ya mchezo? Unacheza mpira au umekuja kupigwa picha?"

Alitazama nyuma yake, kwa bibi mmoja aliyekaa juu ya mkeka na wanawake wengine, kajifunga khanga ya kijani. Huyo ndiye aliyejibu.

"Usimgombeze, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfunza."

Nilimwamkia bibi, nikachuchumaa, maana sauti yake ilikuwa ndogo na sikutaka arudie mbele ya watu. Alieleza bila kujitetea, kama mtu anayekuelekeza njia. Wenzake Kidawa wanapigana picha na simu kila siku, wanacheka, wanageuza vichwa. Yeye akiitwa anasimama hivyohivyo, mikono chini, kidevu juu. Wanamcheka na hawezi kuacha.

"Zamani alikuwa anakuja hapa mpiga picha kutoka Korogwe na baiskeli," bibi alisema. "Watoto wakimaliza shule anawapanga, anawapiga mmoja mmoja. Mkali. Alikuwa anasema, ukitikisika sirudii. Na kweli, harudii. Filamu ilikuwa ya kuhesabu."

Nilijua ni nani kabla hajamaliza. Nimelisikia neno hilo tangu sijaota meno. Ukitikisika sirudii. Nililisikia studio, nikalisikia sikukuu ya Idi tukipangwa ukutani na nguo mpya, nikalisikia hata siku ya harusi yangu, ambayo baba alinipiga picha mwenyewe na akaninunia kwa sababu nilipepesa.

Bibi akaendelea. Mama yake Kidawa, binti wa bibi huyo, alimaliza shule pale pale, akapangwa, na zamu yake ilipofika akatikisika. Mpiga picha akasema shauri yako, akamwita anayefuata. Picha za wenzake zilipoletwa, yake haikuwemo. Bibi alikwenda Korogwe mwenyewe kumwomba, akampata studio, na yule bwana akaingiza mkono kwenye debe la vilivyoharibika akatoa karatasi akampa. Chukua hii, alimwambia, ila haina kazi.

"Ndiyo picha yake pekee," bibi alisema. "Mama yake alifariki huyu akiwa bado ananyonya. Iko ukutani. Gauni unaliona, viatu unaviona, uso haupo. Ni kama moshi. Sasa huyu tangu mdogo namwambia, ukiona kamera simama. Mama yako hakusimama."

Kidawa alikuwa anatazama maji kwenye kikombe.

Ningeweza kusema, yule bwana ni baba yangu. Sikusema. Niliuliza tu ana miaka mingapi, swali la kijinga, nikasikia jibu na kulisahau hapo hapo. Kwenye shingo yangu ilikuwa inaning'inia ile picha niliyoichekea.

Refa alipopuliza kipenga cha kurudi, nilimwambia bibi kwamba kipindi cha pili nisingependa Kidawa aione kamera yangu, ila kila nitakapokaa ataiona, maana lenzi ni kubwa na uwanja hauna hata kichaka. Bibi hakufikiri sana. Alisogea kwenye mkeka, akanionyesha nafasi katikati ya wanawake, karibu na mstari wa pembeni, akafungua khanga yake ya pili iliyokuwa begani na kunifunika, mimi na kamera yangu. Wanawake wakacheka, wakajibana. Ikabaki tundu la lenzi peke yake, kati ya goti la bibi na kikapu cha mtu.

Rama alipita akauliza, "Sista, unaumwa?" Nilimwambia ndiyo.

Chini ya khanga huwezi kumfuata mtu na lenzi. Huwezi hata kugeuka. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo nilikuwa nalidharau, nikiliita kazi ya wawindaji wavivu. Nilichagua mahali. Karibu na mstari, kama hatua kumi na tano kutoka kwangu, kulikuwa na kipande cha ndala kimezama vumbini. Kila Kidawa alipopita upande ule alipita juu yake au kando yake. Nililenga fokasi kwenye ile ndala, nikaifunga isihame tena, nikaweka shata moja ya elfu mbili, nikangoja. Jasho liliingia machoni. Khanga ilinuka moshi wa kuni na mafuta ya nazi. Nilingoja dakika thelathini na tano nikitazama kipande cha ndala, na hakuna aliyejua kama niko kazini au nimelala.

Bibi ndiye aliyekuwa jicho langu. "Bado," alikuwa anasema. "Bado. Kaupoteza. Bado."

Halafu akasema, "Anakuja."

Sikumwona anakuja. Niliona ndala, vumbi, kisha mguu, na nilikuwa nimeshabonyeza. Picha tano, basi. Nilisikia tu uwanja unapiga kelele, wanawake wakainuka na khanga ikaondoka nao, nikabaki nimepiga magoti juani kama mtu aliyefumaniwa. Kidawa alikuwa ameshapiga krosi na mwenzake amefunga kwa kichwa. Ndilo bao lililochukua mbuzi.

Ya kwanza vumbi. Ya pili nusu mtu. Ya tatu bega. Ya nne ndiyo yeye.

Miguu yote miwili iko hewani. Jezi imepulizwa nyuma, mdomo uko wazi, jino moja la mbele limepanda mwenzake. Macho ni safi hadi ule wekundu mdogo wa vumbi pembeni. Hajui kama kuna mtu anamtazama. Miaka kumi na miwili ya kushika kamera na sijawahi kupata uso wa namna hiyo, kwa sababu kila uso uliowahi kuja mbele yangu ulikuwa umeshaambiwa utulie.

Nilimwonyesha bibi. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mama yake alikuwa hatulii," alisema. "Alikuwa hivi. Mdomo hivi hivi."

Kidawa alikuja baadaye, wenzake wanamburuta wakamwone mbuzi. Akaniuliza kwa hofu kabisa, "Nimetikisika, dada?"

"Umetikisika sana," nilimwambia. "Na umetoka."

Hakucheka. Aliitazama ile picha, akamtazama bibi yake, akaondoka kwenda kwa mbuzi anakimbia.

Sasa turudi kwenye dharau, maana naona nimeanza kulainika.

Niliituma picha kwa mhariri jana jioni nilipofika Manundu. Sikusubiri, nikaenda kumwonyesha baba. Baba hapigi tena, jicho moja limeingia ukungu na mikono haimtii, lakini kila jioni anakaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta ya studio na kukagua kazi yangu kwa lenzi ya mkononi, akitafuta kosa. Dharau kwetu ni kazi ya ukoo.

Aliitazama ya Kidawa anakimbia. "Mdomo wazi," akasema. "Nywele hazijachanwa. Hii kazi yako ya kufukuza watu uwanjani kama kuku sijui itaisha lini."

Akabonyeza kurudi nyuma bila mimi kumwambia, akaifikia ile ya kipindi cha kwanza. Ile ya kusimama. Akaegemea mbele. Akashusha lenzi yake mpaka ikagusa kioo.

"Hii ndiyo picha," baba alisema. "Huyu anajua kupigwa picha. Nani kamfunza?"

Miaka kumi na miwili nimelisubiri neno hilo. Lilikuja kwa picha hiyo.

Nilimwambia nani kamfunza. Nilimweleza habari yote, shule, baiskeli, debe la vilivyoharibika, bibi aliyemfuata mpaka studio. Nilitaka akumbuke. Nilitaka hata akatae kwa hasira. Baba alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, na akasema, "Simkumbuki. Waliotikisika walikuwa wengi."

Akaenda kuswali Magharibi.

Nilimdharau sana kwa dakika nzima. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye kompyuta hiyo hiyo nina faili limeandikwa Takataka, lina watu wasiohesabika waliopepesa, waliocheka, waliogeuka kumtazama mtoto, na sikumbuki hata mmoja.

Asubuhi hii ndipo likaja jibu la mhariri. Nalinakili lilivyo: "Safi sana dada. Macho hadi kope. Mpira uko wapi?"

Nikaifungua picha. Nilikuwa nimeitazama labda mara hamsini. Mpira haupo. Kidawa alikuwa ameusukuma mbele hatua tatu, uko nje ya ukingo wa picha, na mimi niliyemcheka Rama mbele ya watu sikuona kwamba haupo. Nilikuwa naangalia uso. Kama Rama anasoma hapa, na acheke sasa, anayo haki.

Ujumbe wa pili ukafuata: "Huna nyingine? Hata kama hakimbii. Alimradi macho na mpira. Kitu cha kuwafanya watu washangae kidogo. Ukiwa nayo msimu wako huo."

Ninayo.

Naijua thamani yake. Winga hodari amesimama wima katikati ya fainali, anaitazama kamera, na mpira unamtoka. Nchi nzima ingecheka siku mbili. Ingezunguka kwenye simu za watu waliokaa vijiweni Dar es Salaam, wangeiandikia maneno, wangeigeuza, wangeibandika kwenye mambo mengine. Mhariri angenipigia huku anakula. Na Kidawa, kila akigusa mpira popote, mtu mmoja jukwaani angeweka mikono ubavuni na kuinua kidevu.

Nami ningekuwa nimetoka studio.

Nimekaa na jambo hili tangu saa mbili. Nimekunywa chai ikapoa. Nimejaribu kujiambia kwamba gazeti lingeandika kwa heshima, na nimejicheka. Nimejiambia kwamba sikumlazimisha kusimama. Hilo nalo baba angeweza kulisema, kwa maneno hayo hayo, juu ya baiskeli yake.

Saa tano na dakika arobaini nimeifuta ile picha, kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kamera. Kisha nikamjibu mhariri neno moja.

Sina.

Amesoma. Hajajibu na sidhani kama atajibu, maana ukurasa lazima ujae. Nasikia Rama amemtumia ya mgeni rasmi akipiga mpira. Hiyo, naambiwa, ina macho na mpira vyote viwili. Haina kitu kingine chochote, lakini gazeti halikuomba kitu kingine.

Na nyinyi wenye tabia ya kuniandikia hapa chini, "weka basi tuione," msijisumbue. Haipo. Ingekuwepo pia msingeiona.

Muda mfupi uliopita baba ameniita kutoka kwenye kiti chake. Anataka ile ya msichana aliyesimama niichape kubwa, niitundike pale mbele, wateja wajifunze.

"Imetikisika, baba," nilimjibu.

Jana aliitazama kwa lenzi iliyogusa kioo. Anajua kuliko mtu yeyote kwamba haikutikisika. Nilimsikia akikohoa, nikasikia kiti kinalia.

"Basi itupe," akasema.

Kesho nafungua studio saa tatu. Keshokutwa nafunga na kwenda Kwedizinga na ile nyingine, nimeshaichapa, imekauka hapa kando yangu, msichana yuko hewani na mpira haupo. Bibi ataitundika karibu na ile ya moshi. Kabla hajaitundika inabidi ajue mimi ni mtoto wa nani, na bado sijui nimpe kwanza picha au nimwambie kwanza jina la baba yangu.